Kijiti Kisicho na Gundi

Mkewe alipopewa kipande cha muziki cha kupiga peke yake, Fundi alifurahi kuliko mwenye kipande. Aliitangaza habari karakana nzima. Alimwambia mteja aliyekuja kuulizia kabati lake, akamwambia na kijana aliyeleta mbao, nao wakampongeza kwa adabu bila kuelewa wanampongezea nini hasa. Wengi mtaani walimjua mkewe kwa mzigo aliobeba tu. Alikuwa mama wa makamo, mfuaji wa mashuka ya hospitali, na kila siku ya mazoezi alikatiza mtaa na sello, ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde mtu akiwa amekaa, mgongoni, ndani ya mfuko mweusi uliomzidi kimo, watoto wakimfuata nyuma na kumwita Mama Gitaa. Zamani alikuwa akisimama na kuwaeleza kwamba si gitaa. Siku hizi aliitika tu.

Okestra yenyewe ilikuwa ya watu wa mtaa, na hakuna aliyelipwa. Walinzi wawili wa benki walipuliza tarumbeta, muuza dawa alikuwa na fidla, binti mmoja mhasibu alipiga sello pembeni ya mke wa Fundi, na mbele yao wote alisimama Daktari wa Meno, ambaye mchana aling'oa magego na jioni akashika kijifimbo cha kuongozea. Mhasibu alikuwa na sello yake mwenyewe, aliyonunuliwa na baba yake. Ile ya mke wa Fundi ilikuwa mali ya okestra. Aliazimwa miaka mingi iliyopita kwa sharti moja tu, aitunze, na aliitunza kama mtoto wa kufikia ambaye watu wote wanatazama unavyomlisha. Sasa onyesho la mwisho wa mwaka lingeanza na yeye. Wengine wote wangenyamaza, na ukumbi mzima ungemsikiliza Mama Gitaa.

Kwa hiyo asubuhi moja, mkewe akiwa kazini, Fundi hakwenda karakana. Aliifungua ile sello kitandani akaitazama kwa jicho la kazi. Ilikuwa imechujuka, na chini ya nyuzi kulikuwa na vumbi lililoshikamana hadi likawa kama ugaga wa meno. Hakuona sawa mkewe akae mbele za watu na chombo cha namna ile. Akalegeza nyuzi zote nne kwa pamoja, maana hakuna fundi anayepiga rangi mlango bila kuushusha kwanza, na kile kidaraja cha mbao kinachoziinua nyuzi kikaanguka chenyewe. Akakiweka kando. Akafuta, akapaka mafuta, akasugua mpaka mbao ikatoa rangi ya asali.

Ilipomalizika akainyanyua, na ndani kukawa na kitu kinabingirika.

Aliiinamisha, akaitikisa, akaigeuza, mpaka kitu chenyewe kikachungulia kwenye moja ya yale matundu mawili yaliyopinda usoni mwa sello. Akakivuta kwa ncha za vidole. Kilikuwa kijiti cha mviringo, urefu wa shibiri, unene wa kidole. Fundi alikigeuza mbele ya mwanga. Hakikuwa na alama ya gundi popote. Hakikuwa na tundu la msumari wala mkato wa kuungia. Kwa mtu aliyezeeka kwenye mbao, hilo lilimaliza shauri: kitu kisicho na gundi, wala msumari, wala kiungo, si sehemu ya kitu. Kimesahauliwa. Yeye mwenyewe aliwahi kusahau penseli ndani ya kabati la harusi, na bibi harusi akamrudishia. Alicheka peke yake akimfikiria huyo fundi wa mbali aliyetengeneza sello na kuacha takataka tumboni mwake.

Ila mbao ilikuwa nzuri. Nyepesi, kavu, nyuzi zake zimenyooka. Kuitupa ilikuwa dhambi. Dirisha la chumba chao lilikuwa limekosa kigingi tangu cha zamani kilipovunjika, wakawa wanalifunga kwa kitambaa, na kila upepo ukija linabisha. Fundi akakata kijiti, akachonga ncha, akakisukuma kwenye komeo. Kiliingia kama kilizaliwa pale. Halafu akarudisha kidaraja, akakaza nyuzi, akaenda kuoga.

Jioni mkewe alipoiona sello alishika mashavu.

"Fundi, umeing'arisha mpaka inaona haya."

"Hujaona dirisha," alisema Fundi.

Mkewe akaenda kulifunga na kulifungua, akamgeukia na kumwambia kwamba mwaka huu watu wa mtaa huu watamkoma. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaiweka sello katikati ya magoti, akavuta upinde mara moja. Akasimama. Akavuta tena, akiwa ameinamisha kichwa.

"Mbona iko mbali?"

Fundi akamwambia ni mafuta, hayajakauka. Mbao ikipakwa lazima ijipange upya. Alilisema hilo kwa uhakika, kwa sababu kwenye milango lilikuwa kweli.

*

Mafuta yalikauka, sauti haikurudi. Mkewe alirudi kutoka mazoezini, akavua viatu mlangoni, akakaa navyo mkononi. Fundi alipomuuliza alisema sauti yake inamjia kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Za wenzake anazisikia. Yake ndiyo inayozama.

"Mama alianza hivi hivi," alisema.

Fundi alimkumbuka vizuri mama mkwe wake. Alianza kwa kulalamika kwamba watu wamehamia mbali. Akaja akasema wanamnong'onea makusudi, akagombana na ndugu mmoja mmoja, akamaliza siku zake akiutazama mlango, asijue kama kuna mtu anabisha. Mkewe ndiye aliyemuuguza. Aliijua njia yote ya uziwi tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa alijiona amesimama mwanzoni mwake.

Fundi alimcheka kwa upendo, akamwambia masikio yake yanasikia hata senti ikianguka kwenye mfuko wa mumewe. Hakujua bado. Hilo lisemwe, kwa sababu baadaye halitakuwepo la kumtetea. Wiki ile alimkuta mkewe jikoni amefungua bomba kidogo tu, likidondoka, naye amerudi nyuma hadi ukutani, macho ameyafumba, anasikiliza. Siku nyingine alimwomba Fundi ageuke nyuma aseme neno.

"Niseme nini?" aliuliza Fundi, akiuelekea ukuta.

"Umeuliza useme nini," mkewe akajibu, wakacheka wote wawili, ila yeye alitangulia kuacha. Alisema hata mama yake mwanzoni alikuwa akisikia maneno. Ni utamu wake uliotangulia kuondoka.

*

Jumamosi Fundi alimsindikiza. Viti vya ukumbi vilikuwa vimelegea miguu na alijitolea kuvikaza, akiwa amekaa sakafuni pembeni na boksi lake la vifaa. Kwa hiyo aliona kila kitu.

Daktari wa Meno alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko ukali. Mke wa Fundi alipoanza kipande chake, akamkatiza kwa kidole kimoja.

"Dada, tusaidie kidogo. Hatukusikii huku."

Akaanza tena, akikandamiza upinde. Sauti ikatoka pana na tupu. Mlinzi mmoja wa benki alitazama viatu vyake. Akaanza mara ya tatu, shingo imemtoka mishipa, na Daktari akakiweka kijifimbo chini, akasema dada apumzike kwa leo, Mhasibu ajaribu tu, kujaribu si kosa. Mhasibu aliona aibu, akasema hakukifanyia mazoezi, lakini alipovuta upinde ukumbi wote ulijaa. Alikosea mara mbili na bado ukumbi ulijaa. Mke wa Fundi alikaa hapo hapo, sello mapajani, akimtazama binti wa watu na tabasamu alilolibandika usoni asijue pa kuliweka.

Ungeuliza kwa nini hakuna aliyesema wabadilishane sello wajaribu. Ni kwa sababu mama huyu alikuwa amekwisha kumnong'oneza Daktari habari za masikio yake, na Daktari ni daktari; akitajiwa ugonjwa, anaona ugonjwa. Alikwisha kumwandikia jina la mwenzake anayetibu masikio, akamwambia aende baada ya onyesho, asijisumbue kwa sasa. Wengine wote wakaambizana chini chini, na kuanzia hapo wakawa wanamsemesha kwa sauti kubwa na kwa kupanua midomo. Walikuwa wanamsaidia.

Wakati wa mapumziko, Mhasibu alilalamika kwamba sello yake inaguna. Daktari akatoa mfukoni vifaa vya kazi yake, kile kioo kidogo chenye mpini mrefu cha kutazamia magego na tochi nyembamba kama kalamu, akaingiza kioo kwenye tundu la sello akachungulia. Alitania kwamba huyu mgonjwa angalau hatemi mate. Fundi, aliyependa kuona vyombo vya fani nyingine, alisogea na bisibisi mkononi.

"Tazama, shemeji," Daktari akampisha.

Fundi akatazama. Ndani ya kile kioo, katikati ya giza lenye vumbi, kijiti cha mviringo kilikuwa kimesimama wima kati ya uso wa sello na mgongo wake, urefu wa shibiri, unene wa kidole.

"Kile ni nini?"

"Hicho ndicho kinachobeba. Bila hicho hamna kitu."

"Kimegundishwa na nini?"

"Hakigundishwi. Kimebanwa tu, kinasimama kwa mkazo wa nyuzi. Ndiyo maana hatulegezi nyuzi zote kwa pamoja, kitaanguka." Daktari aliipangusa ile tochi kwenye shati. "Kikianguka, sauti ndiyo inatangulia kwenda. Halafu uso unaanza kubonyea, kidogo kidogo, wala huoni. Halafu siku moja unapasuka."

Fundi aligeuza shingo. Mkewe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akijimiminia maji, akitazama ndani ya kikombe. Neno lilikuwa fupi. Angesema tu, Daktari, njoo na kioo chako huku, nami nimefanya ujinga, wangecheka, angeitwa Fundi Kijiti mwaka mzima, basi. Alifungua mdomo. Akaona wale walinzi, na yule muuza dawa, na mkewe ambaye kwa watu hawa hawa alikuwa akijisifu kwamba mume wake hajawahi kurudishiwa kazi.

"Kumbe," alisema Fundi, akarudi kwenye viti.

*

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu, naye aliegemea ukutani ndani ya mfuko mweusi. Fundi aliisikia. Wakila, wakizungumza, kutoka chumbani kulitoka kimlio kifupi, kikavu, mbao ikikubali mzigo. Mkewe akitoka, aliifungua na kulaza rula juu ya uso wake, akachungulia mwanga unaopita chini. Kila alipopima, mwanga ulikuwa mpana zaidi. Uso ulikuwa unazama. Akiinua macho kutoka kwenye rula aliliona dirisha, limefungwa vizuri, halibishi tena hata upepo uvume namna gani.

Alijiambia atasema kesho. Kesho ilikuwa na mteja. Alijiambia atamwambia akila ashibe, na akishiba mkewe alikuwa amechoka. Fundi hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo linalotia hofu, kwa sababu mtu mbaya angejua anachokifanya.

Ijumaa jioni mkewe aliitoa sello, akaifuta kwa kanga yake kuukuu, akairudisha mfukoni na kuvuta zipu hadi juu.

"Kesho namrudishia Daktari," alisema. "Bora nitoke kwa miguu yangu kabla sijatolewa."

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Fundi alikwenda kulijaribu dirisha lililokwisha kufungwa.

Mkewe akakaa kitandani. Akasema kule kazini mashine zinanguruma kutwa, hakuna anayemwuliza neno, anapewa mashuka yenye damu na anarudisha mashuka meupe. Anapita mlango wa nyuma. Wauguzi waliozoeana naye hawalijui jina lake. Lakini pale ukumbini, akivuta upinde, kuna kitu kilikuwa kinatoka kwake kinakwenda mpaka kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa. "Sasa hakifiki," alisema. "Hata kwangu mwenyewe hakifiki." Alisema haogopi uziwi. Halafu akaanza kulia, akasema anauogopa.

Fundi alimshika bega. Alimwambia asirudishe kesho, aseme anaumwa, ampe mumewe siku chache tu. Mkewe alimtazama kwa shukrani, akidhani ni huruma.

*

Jumatatu Fundi alifunga karakana kwa ndani. Alichagua kipande cha mbao nyepesi, kavu, iliyonyooka, akakichonga na kukisugua mpaka kikawa mviringo. Urefu alikuwa ameuchukua kwa waya uliopinda, akiuingiza kwenye tundu. Na kwa kuwa uso wa sello ulikwisha kubonyea, aliongeza kidogo, ili kijiti kipya kiuinue urudi mahali pake. Fundi wa milango hajui aibu kubwa kuliko kiungo kilicholegea. Kazi nzuri ni ile inayoingia kwa kugongwa. Alipomaliza, mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya bila kumwuliza: ukachukua penseli na kuweka alama ya mshale mdogo wenye mkia uliopindwa, kama kwenye kila kitu alichopata kukiunda.

Akakiingiza mkewe akiwa hospitali. Ilimchukua mchana wote, kwa waya na uzi na subira, jasho likimdondoka juu ya mbao. Kijiti kikasimama. Akakigonga taratibu kwa ncha ya waya, kikaingia. Akakigonga tena. Uso wa sello ulitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, ukainuka. Akaweka rula, na hakuna mwanga uliopita. Fundi alikaa chini akacheka kwa furaha, peke yake, kama siku ile.

"Ipige mara moja tu kabla hujairudisha," alimwambia mkewe jioni. "Uiage."

Mkewe hakutaka. Fundi akamlazimisha. Mkewe akavuta upinde kwa mkono mzito, na sauti ikatoka, kali kidogo, imebanwa kidogo, lakini imetoka yote, ikajaa chumba, mpaka vikombe kwenye sinia vikaitikia. Aliacha upinde hewani. Akavuta tena. Halafu akaiegemeza sello begani akaikumbatia shingo, machozi yakimtoka.

"Nimesikia. Na wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Niapie."

"Haki ya Mungu nimesikia," alisema Fundi, na hicho ndicho kiapo pekee cha kweli alichokula mwezi ule.

Mkewe alimshika mikono yote miwili. Akasema ni yeye aliyemwambia asubiri. Kama si yeye angeirudisha Jumamosi, na masikio yangefunguka sello ikiwa imekwenda. Alimbusu vidole vya kazi kimoja kimoja. Fundi aliviacha pale alipovishika. Lingekuwepo jambo la kusema wakati huo, lakini lingemnyang'anya mkewe furaha, au hivyo ndivyo alivyojieleza.

Kipande chake alirudishiwa. Mhasibu ndiye aliyefurahi kupita wote. Daktari alisema masikio yana mambo yake, yanaziba yanazibuka. Na nyumbani, ile sello ilirudia kulia pembeni ya ukuta, si kile kimlio cha zamani cha kuzama, bali kingine, chembamba, cha kitu kinachosukumwa kutoka ndani. Mara ya kwanza waliposikia walikuwa wanakula.

"Umesikia?" mkewe aliuliza, macho yanang'aa. "Siku hizi nasikia hata mbao ikikohoa."

Fundi alitafuna, akameza, akasema ni hali ya hewa.

*

Siku ya onyesho mawingu yalikuwa yameshuka na hewa imejaa maji. Ukumbi ulijaa. Walikuja watoto wanaomwita Mama Gitaa, walikuja wauguzi wawili aliowaalika bila kutegemea kwamba watakuja. Fundi alikaa mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi. Mkewe aliingia, akakaa, akachomeka mguu wa sello sakafuni. Daktari wa Meno akainua kijifimbo, wengine wote wakashusha vyombo vyao, na Mama Gitaa akaanza peke yake.

Alipiga vizuri. Watu waliokuwapo wanasema hivyo mpaka leo, hata wasiojua kitu. Ilianza chini, polepole, ikapanda, na mtoto mmoja nyuma aliyekuwa akisumbua akanyamaza bila kuambiwa. Muuguzi mmoja aliuliza jina lake nani. Fundi peke yake hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama uso wa sello, pale upande wa kulia chini ya kidaraja, na aliona mstari mwembamba ambao haukuwepo asubuhi. Ulikuwa unakwenda. Mkewe alifika juu kabisa, akakandamiza upinde.

Mlio ulikuwa kama tawi kavu likivunjwa gotini. Kidaraja kiliruka, nyuzi zikalala, na uso wa sello ukafunguka kwa urefu kufuata nyuzi za mbao. Mkewe alibaki na upinde mkononi. Watu wakaisikia mvua ikianza kwenye bati.

Daktari alipiga magoti mbele yake, akatoa tochi na kile kioo chake. Alichungulia muda mrefu.

"Kuna mtu ameweka kijiti kingine humu," alisema. "Kirefu mno. Kimeupasua kwa ndani."

Mkewe akaomba kioo. Akakiingiza mwenyewe, akasogeza mwanga. Fundi alijua mkewe alikuwa akitazama nini. Mshale mdogo wenye mkia uliopindwa ulikuwa chini ya meza waliyokulia, ulikuwa kwenye ubao wa kitanda walicholalia, ulikuwa ndani ya mlango wa kabati aliloweka kanga zake. Alikuwa ameupangusa vumbi ule mshale maisha yake yote ya ndoa. Alitoa kioo, akamtazama mumewe, macho kwa macho, juu ya vichwa vya watu. Akampa nafasi. Ilikuwa ndefu, na Fundi alijua ni ya nini. Alishika magoti ya suruali yake yenye mikunjo mizuri ya pasi.

"Ni mimi, Daktari," alisema mkewe. "Kilianguka wakati nafanya usafi. Nikaweka kingine, nikaona haya kusema. Nisamehe."

Daktari aliinuka akipangusa magoti. Alisema taratibu, kwa ule upole wake, kwamba aliamini chombo kimo mikononi mwa mtu anayejua thamani yake. Alisema sello ibaki pale pale ukumbini, isirudi naye. Mhasibu alilia. Muuguzi aliyeuliza jina alijifanya kutafuta kitu mkobani.

*

Walirudi na mvua, yeye mbele, Fundi nyuma. Mgongo wa mkewe bila ule mfuko mweusi ulionekana mdogo. Mtoto mmoja alichungulia kibarazani, akafungua mdomo kuita, akaacha.

Ndani, mkewe alikaa kitandani na nguo zake mbichi.

"Cha kwanza kiko wapi?"

Macho ya Fundi yalikwenda dirishani, na mkewe akayafuata. Alinyanyuka akaenda kukitazama kile kigingi, akakigusa kwa mkono ule ule uliokuwa ukikichomoa kila asubuhi na kukirudisha kila jioni.

"Sello ningekusamehe," alisema. "Hata hiki ningekusamehe, ningecheka. Lakini ulinikuta jikoni nasikiliza bomba. Ulinishika bega nikilia kwamba nakuwa kama mama. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua mwanzoni."

"Nimekuuliza siku niliyolia. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Mkewe akatikisa kichwa, si kwa hasira, ila kama mtu aliyethibitishiwa bei. Akakichomoa kigingi kwenye komeo, akakiweka mezani mbele ya Fundi, akarudi kitandani na kulala akiupa ukuta uso. Upepo ukalipata dirisha. Likafunguka, likapiga ukuta, likarudi, mvua ikaanza kuingia juu ya shuka, na hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Nisamehe, mke wangu," alisema Fundi.

Dirisha lilibisha. Alingoja, kisha akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, ingawa alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba masikio ya mkewe yalikuwa mazima.